Jembe Nililolipeleka Manonga

Kwa miaka mingi, kila nilipoulizwa kwa nini nilikwenda bonde la Manonga, nilijibu kwamba nilikwenda kutazama mandhari. Nikibanwa kidogo, niliongeza ndege. Nikibanwa zaidi, nilitaja historia, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa historia niliyetoka karibuni chuo kikuu ng'ambo ya ziwa, na mtu wa namna hiyo watu humwacha aseme atakavyo. Nilikana mbele ya walimu wenzangu, nikakana mbele ya mama yangu kule Muheza, na mara moja nilikana mbele ya padri. Sasa nina mvi, nina miwani ya kusomea na miwani ya kutafutia miwani ya kusomea, na sioni sababu ya kuendelea. Nilikwenda Manonga kwa sababu ya mwanamume.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nikifundisha shule ya wasichana mjini Shinyanga. Mwanamume mwenyewe aliitwa Nkwabi, na kwa muda mrefu kwangu alikuwa sauti tu. Alikuwa opereta wa simu Mwadui, kwenye machimbo ya almasi. Yeyote aliyepiga simu kwenda kule ilimbidi apitie kwake, awe bwana mkubwa wa kampuni au mwalimu anayeulizia hali ya mwanafunzi aliyelazwa. Mwanafunzi wangu mmoja alilazwa kule kwa homa ya matumbo, nikapewa kazi ya kumwulizia kila siku. Mtoto alipona upesi. Mimi niliendelea kuulizia.

Nkwabi alikuwa na sifa moja kazini: hakumwacha mtu angoje. Swichibodi, ule ubao wa kuunganishia simu, ikilia, anapokea. Mara nyingi nilikuwa katikati ya sentensi niliyoitunga vizuri tangu asubuhi, nikasikia, "Subiri, Mwalimu," kisha kimya, kwa sababu kuna mtu alitaka kuunganishwa na stoo ya mabati. Jumapili moja alikuja Shinyanga kwa baiskeli, nikamwona kwa macho. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Nilijiambia kwamba hilo limemaliza mambo, nikamkaribisha chai.

Baada ya Jumapili kadhaa za chai aliniuliza kama ningekubali atume watu kwetu. Nilimjibu kwa hotuba. Nilizungumza juu ya kazi yangu, juu ya wanawake wachache waliosoma na wajibu wao, nadhani niligusia hata Warumi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba mama yake ameanza mazungumzo na nyumba moja ng'ambo ya mto wao, nyumba yenye binti, na kwamba yeye amekuwa akiyachelewesha, lakini binti wa watu hawezi kuwekwa akingoja asichokijua.

"Likizo hii nenda ukaone kwetu," akasema. "Nitawaambia anakuja mwalimu, mgeni, anataka kuona mto. Ukirudi nipigie simu. Neno lolote utakaloniambia nitalipokea."

Basi nikafunga safari, kutazama mandhari.

Shinyanga, alfajiri. Nilipanda lori la mfanyabiashara wa chumvi, nikakaa mbele na dereva. Nilikuwa na darubini ya kuazima kwa mkuu wa shule, kitabu cha ndege, chandarua, na kofia pana ambayo baadaye ng'ombe wengi walisimama kuitazama. Kilikuwa kiangazi. Nchi ilikuwa imekauka mpaka rangi ya biskuti, na mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa yalibaki vijiti vitupu vyenye vipande vyeupe hapa na pale. Dereva aliniuliza naenda kwa nani. Nikamjibu naenda kuona mto. Akanikumbusha kwa upole kwamba wakati huo wa mwaka mto hauna maji.

Tinde, kabla jua halijawa kali. Ilikuwa siku ya gulio, barabara imejaa mbuzi, vyungu na baiskeli mpya zinazong'aa, kwa maana pamba ilikuwa imelipa vizuri. Kwenye turubai moja niliona misumari mikuukuu, vibatari vya bati, na katikati yake jembe la kale: bapa pana la umbo la jani, lenye mkia mrefu wa kuchomeka kwenye mpini. Nilikuwa nimefundisha darasani habari za Warongo, wafua chuma wa nchi ya magharibi, lakini kazi ya mikono yao nilikuwa sijaishika. Muuzaji alikuwa mchimbaji wa dhahabu, mtu wa Singida, mwembamba, mcheshi.

"Hili nimelitoa ardhini upande wa Bugarama, mama," akasema. "Nilichimba wiki nzima nikimwomba Mungu dhahabu, akanipa jembe."

"Alikuwa anakwambia urudi nyumbani ukalime," akasema mwenzake bila kuinua kichwa.

Nililinunua, nikalifunga kwenye kanga. Niliwaza kulitundika ukutani darasani.

Nje ya duka la Mhindi alinisubiri Kabula, dada yake Nkwabi, mwanamke wa umri wangu, mtoto mgongoni na mfuko wa chumvi kichwani. Alinisalimu vizuri, akaniangalia toka kofia hadi chini, akaishia kwenye viatu.

"Kwa viatu hivyo tutafika Krismasi," akasema.

Njiani, mchana kutwa. Tuliacha barabara tukashika njia ya miguu kuelekea kusini. Kwanza majabali, makubwa kama nyumba, yamepandana juu ya vilima. Kisha mbuga ya udongo mweusi, umepasuka nyufa za kumeza mguu. Hapa na pale tulipita majani marefu yaliyoachwa yakasimama huku kote kukiwa kumelishwa hadi mizizi; Kabula akanieleza kwamba hizo ni ngitili, kila kaya huzitenga ili ng'ombe wapate kula kiangazi kinapokolea. Kilichotuchelewesha si viatu vyangu bali salamu. Kila tuliyekutana naye Kabula alisimama kumsalimu, na kwa wazee alipiga goti, mzigo kichwani, mtoto mgongoni, wakaulizana habari za watu, za ng'ombe na za mvua ambayo haikuwapo. Nami nilianza kupiga goti. Mara ya tatu nilijiona nimekuwa mwenyeji kabisa, na hapo ndipo hatari yangu ilipoanzia.

Jua linazama, tukafika. Kaya ya Mzee Luhende ilikuwa nyuma ya ua wa minyaa, na chini yake, ukitazama kusini, bonde lote limelala wazi: migunga imesimama kama miavuli, na kati yake mto wa mchanga mweupe unajipinda mpaka usipouona tena. Nilisimama hapo nikasahau kutoa darubini. Nataka niseme hivi kwa haki: mandhari ilikuwapo kweli.

Mama Nkwabi alinipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mfupi kama mwanawe. Nilimwamkia shikamoo, nikapewa kigoda, nikapewa maziwa mgando, kisha ugali wa mtama na mlenda, na baada ya chakula matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa na kupikwa tena. Mzee Luhende alikaa upande wa pili wa moto, akazungumza nami kwa uchangamfu. Kiswahili chake alikipata vita vya Mjerumani, alipochukuliwa kubeba mizigo, na kilikuwa na amri nyingi za kijeshi ndani yake. Nilimwuliza habari za kale. Akasema misafara ilivuka mto pale pale chini, na kwamba baba yake mwenyewe alikwenda magharibi kwa Warongo akarudi na majembe.

"Aliyafunga kwenye mti, nusu mbele, nusu nyuma, mti begani," akasema. "Na si yote yalikuwa ya kulimia. Mengine kazi yake ilikuwa..."

Sikumngoja amalize. Mwalimu wa historia aliyepata mfano wa kuonyesha hangoji. Niliingia ndani, nikafungua kanga, nikatoka na jembe langu. Nikakumbuka adabu niliyojifunza njiani: nikapiga goti mbele ya mzee, nikalinyosha kwa mikono miwili, nikasema, "Baba, nimelileta hili kwenu. Naomba mlipokee."

Mzee alilitazama jembe, akanitazama mimi, akamtazama mkewe. Mama Nkwabi alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Kabula aliinuka na mtoto wake akaenda nyuma ya ghala, na nikasikia kitu kama mtu anayejizuia kupiga chafya. Mzee hakulishika jembe. Alimwambia mkewe neno kwa Kisukuma, mama akalipokea yeye, na mzee akasimama, akageuza uso, akaenda zizini bila kuniaga.

Nililala nikiamini kwamba nimeingiza kitu cha laana katika nyumba ya watu.

Asubuhi yake, mapema. Nilitoka nikiwa nimetunga maneno ya kuomba radhi. Mzee alikuwa kwenye njia ya kwenda malishoni, fimbo mkononi. Nikamwita, "Shikamoo, baba." Akageuka, akaniona, akaiacha njia akaingia vichakani. Nilidhani hakunisikia. Nikaingia nami. Akaongeza mwendo. Nami nikaongeza. Wenye kupenda picha wachore hii: msomi wa chuo kikuu, kofia imening'inia shingoni, darubini inampigapiga kifuani, anamkimbiza mzee wa watu katikati ya miiba akimtaka apokee shikamoo. Mwisho mzee alichutama nyuma ya kichuguu. Nikasimama upande wa pili. Nikakiamkia kichuguu. Kichuguu hakikuitika. Nikarudi.

Mtoni, jua limepanda. Kabula alinichukua kwenda kuvua. Mto wa kiangazi ni mchanga mtupu, ila penye kona hubaki madimbwi, na wanawake huyaingia kwa pamoja na vikapu, wakiwasukuma kambare pembeni. Niliingia na kikapu changu, maji magotini, na nikiri kwamba kwa muda nilisahau masumbuko yangu yote. Nilipiga kelele kama mwanafunzi wa darasa la kwanza nilipoguswa na kitu chenye ndevu. Wanawake walinicheka, lakini haikuwa kwa sababu ya kambare peke yake. Walikuwa wakinitazama, wakitazamana. Tulipotoka, tukaketi mchangani, Kabula akamweka mtoto kwenye titi.

"Mwalimu," akasema, "umemchosha baba yangu."

Nikamwuliza nimemkosea nini. Hakujibu moja kwa moja. Aliniuliza kwetu Muheza mwanamume akitaka mke hupeleka nini. Nikamweleza. Akasema pale kwao hupeleka ng'ombe, lakini zamani, kabla ng'ombe hawajatoka zizini, lilitangulia jembe la Warongo. Kijana alilipeleka kwa baba wa binti, akapiga goti, akalinyosha kwa mikono miwili. Likipokewa, mambo yameanza.

"Wewe umelipeleka kwa baba wa kijana," akasema. "Umekuja kumposa kaka yangu. Peke yako, bila hata mshenga."

Nilifunika uso kwa kofia. Kutoka ndani ya kofia niliuliza ni nani wanaojua.

"Hapa wote. Na ng'ambo ya mto nadhani wamejua kabla ya uji."

Kisha akanieleza habari ya mzee. Hakukasirika hata kidogo. Mtu na mke wa mwanawe hawakutani njiani, wala hawali pamoja, wala hawatazamani usoni mpaka mambo yafikie mahali pake; na wakionana kwa bahati, atakayemwona mwenziwe kwanza ndiye anayempisha, anaingia porini. Jioni ile nilikuwa mgeni, akakaa nami akapiga hadithi. Baada ya jembe nilikuwa mtu mwingine.

"Anakuheshimu," akasema Kabula, "nawe unamkimbiza kama mbuzi aliyekata kamba."

Tulicheka mpaka mtoto akaacha kunyonya kututazama. Halafu Kabula akaacha kucheka. Aliniambia kwamba tangu alfajiri mama yake amepeleka neno ng'ambo ya mto, kwamba mazungumzo yasimame kidogo. Yule binti wa huko ni rafiki yake, wamekua pamoja, wanavua katika madimbwi haya haya. Kama sikukusudia, hakuna atakayenilaumu, kila mtu anajua mimi ni mgeni. Nilichukue jembe langu nitakapoondoka, na watu wa ng'ambo wataendelea na mambo yao. Lakini nisiwaache watu katikati.

"Nieleze mimi," akasema. "Unamtaka kaka yangu, au ulikuja kuona ndege?"

"Nilikuja kuona ndege," nikasema.

Alinyosha kidevu kuelekea mbele yetu. Kwenye ukingo wa dimbwi, hatua chache kutoka miguuni petu, alisimama korongo mkubwa wa kijivu, shingo ndefu, ametulia kabisa.

"Huyo hapo tangu tumeketi," akasema. "Mbona humtazami?"

Alasiri nilipanda peke yangu jabali lililo juu ya kaya. Kutoka kule niliona bonde zima, ngitili za manjano, moshi wa kaya za ng'ambo ukipanda wima. Moshi mmoja ulikuwa wa nyumba ya yule binti. Nilijaribu kuwaza juu ya kazi yangu na juu ya wanawake wachache waliosoma. Badala yake niliwaza kwamba Nkwabi, akiwa mtoto, alikaa juu ya jabali hili akichunga, bila mtu wa kusema naye, na kwamba labda ndiyo sababu hamwachi mtu angoje kwenye simu. Niliona pia kivuli cha mzee kikirudi na ng'ombe. Kilipofika chini ya jabali kikainua kichwa, kikaniona, kikazunguka mbali sana na ng'ombe wote, ili mimi nishuke kwa nafasi.

Asubuhi ya kuondoka. Nilipofungua mlango nilikuta jembe limewekwa kizingitini. Lilikuwa limepakwa samli, limefungwa kwenye kanga ile ile niliyokuja nayo, na kanga imefuliwa. Mama Nkwabi alikuwa anafagia uwanja ambao ulikuwa umekwisha kufagiwa. Hakuacha kufagia.

"Mwanangu," akasema, "usisahau kitu chako."

Alilisema kwa namna ya kunifungulia mlango wa kila upande. Nilikuwa nimeandaa hotuba nyingine. Nikaitafuta, sikuiona.

"Sijakisahau, mama," nikasema. Nikaliinua jembe, nikalirudisha ndani, nikaliegemeza ukutani penye mtungi.

Alisimama na ufagio wake. Kisha akasema, "Wabeja," ambayo ni ahsante kwa lugha yao, akageuka haraka kwenda kutazama uji.

Kabula alinisindikiza. Tulipokuwa tumepita minyaa, njia ikakata kona, na mbele yetu, mgongo umetuelekea, alikuwa Mzee Luhende anakagua kwato la ndama. Hakuwa ametuona. Kabula alisimama tu, akanitazama. Niliivua kofia. Nikaiacha njia, nikaingia kwenye miiba, nikachutama nyuma ya kichaka nikigeuza uso. Nilisikia ndama akiachiwa. Nikasikia fimbo ikija njiani, polepole, ikafika usawa wangu, ikasimama. Mzee alikohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi. Kisha fimbo ikaendelea na safari yake.

Shinyanga, kesho yake. Watu huniuliza nilijifunza nini katika safari ile. Nilijifunza kumwacha mzee amalize sentensi. Nilijifunza pia kwamba mtu anaweza kusema jambo kwa magoti na mikono yake miwili siku mbili nzima kabla mdomo haujapata habari. Lakini siku ile sikuwa na hekima yoyote. Nilikuwa na mikwaruzo mikononi na vumbi la lori kichwani, nikaenda posta moja kwa moja kabla ya kuoga, nikaomba Mwadui.

Laini ilikuwa mbovu. Ilibidi kupaza sauti, na nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu waliokuja kununua stempu.

"Mwadui," ikasema sauti. "Nikuunganishe na nani?"

"Baba yako hajambo," nikasema.

Akauliza, "Mmezungumza?"

"Jioni ya kwanza tulizungumza. Baadaye alinikimbia."

"Alikukimbia." Nilimsikia akivuta pumzi. "Na wewe?"

"Mara ya kwanza nilimfukuza. Samahani. Nilikuwa sijui."

"Na mara ya pili?"

Foleni nzima ilikuwa imenyamaza. Karani wa posta alikuwa ameshika muhuri hewani.

"Mara ya pili," nikasema kwa sauti ambayo bila shaka ilifika sokoni, "mimi ndiye niliyemwona kwanza. Niliingia porini."

Nilidhani laini imekatika. Nikaita jina lake mara mbili.

"Nipo," akasema. Halafu, polepole, "Miiba haikukuchoma?"

"Ilinichoma sana."

"Pole," akasema. "Pole, mama."

Nyuma yake nikasikia swichibodi ikilia. Ikalia tena, na tena, watu wa kampuni wakitaka stoo, wakitaka karakana, wakitaka hospitali. Nikangoja aniambie nisubiri. Hakuniambia. Ililia mpaka ikachoka, naye akaniomba nianze tena toka mwanzo, toka Tinde.